Mafundisho ya dini yahamia kwenye simu: nani anabaki kumlea mwanafunzi?

Mashariki mwa Kongo, mwaamini anaweza leo kusikiliza mahubiri matatu kabla hajanywa chai ya asubuhi. La kwanza ni la padri wa parokia yake, aliyekimbilia mji mwingine. La pili ni la mchungaji wa Kinshasa. La tatu ni la nabii asiyemjua, anayeongea kutoka Ulaya na kumaliza kwa kutaja namba ya kutumia sadaka. Yote matatu yanaingia katika simu ileile, mara nyingi kupitia kikundi kimoja cha WhatsApp, na hakuna alama inayomwonyesha msikilizaji ni lipi linatoka kwa mtu anayemjua na ni lipi linatoka kwa mtu ambaye hatakutana naye hata siku moja.

Kwa miaka mingi makanisa yalibishana kama intaneti ni baraka au ni mtego. Ubishi huo umepitwa na wakati: magonjwa, vita na umbali vimekwisha kuujibu, na mafundisho yamehama. Sasa kuna swali gumu zaidi. Injili ya Matayo, katika sura yake ya mwisho, inaongea juu ya kufanya wanafunzi, na mwanafunzi anahitaji mtu wa kumfuata, kumuuliza na kumkosoa. Simu inaweza kubeba sauti ya mwalimu mpaka Nakivale, kambi ya wakimbizi kule Uganda. Je, inaweza kubeba na kazi nyingine zote za mwalimu?

Namna ibada zilivyoingia kwenye simu

Hatua ya kwanza ilikuwa Covid-19. Mwezi wa tatu mwaka wa 2020, rais Félix Tshisekedi alipiga marufuku mikutano mikubwa, na milango ya makanisa ikafungwa nchi nzima. Ilifunguliwa tena tarehe 15 mwezi wa nane. Katika miezi hiyo karibu mitano, mapadri na wachungaji ambao hawakuwa wamewahi kuongea mbele ya kamera walijifunza kurekodi misa na mahubiri kwa simu zao. Redio za kidini zilikuwa zimefanya kazi hiyo ya kufundisha kwa mbali kwa miaka mingi. Jambo jipya lilikuwa kwamba kila mtu mwenye simu na mega kidogo aliweza sasa kuwa redio.

Hatua ya pili ilikuwa vita. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Kambi za wakimbizi wa ndani zilizozunguka Goma zilibomolewa au kuachwa tupu kwa siku chache tu. Makumi elfu ya watu walivuka mpaka na kuingia Burundi. Wengine walielekea Uganda, wengine walirudi vijijini wasijue wanakuta nini. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Shirika moja la waamini, lililokuwa likisali pamoja kila juma katika avenue moja, lilijikuta limegawanyika kati ya miji na nchi mbalimbali. Kwa watu wa namna hiyo, kikundi cha WhatsApp ndicho benchi la kanisa lililobaki.

Kuna na sababu ya tatu, nayo inaumiza zaidi: kukutana kwenyewe kunaweza kuua. Tarehe 15 mwezi wa kwanza 2023, bomu lililipuka ndani ya kanisa la CEPAC huko Kasindi, katika Kivu ya Kaskazini, wakati wa ibada ya ubatizo. Zaidi ya watu 10 walikufa. Usiku wa kuamkia tarehe 27 mwezi wa saba 2025, wapiganaji wa ADF walishambulia kanisa Katoliki la Komanda, katika Ituri, ambako waamini walikuwa katika mkesha wa maombi. Zaidi ya watu 40 waliuawa. Baada ya mambo hayo, mzazi anayemwambia kijana wake afuate mafundisho kwa simu badala ya kwenda mkeshani hawezi kuitwa mvivu wa imani.

Kusikia ni jambo moja, kulelewa ni jingine

Kufundisha kwa mbali si uvumbuzi wa karne hii. Sehemu kubwa ya Agano Jipya ni barua zilizoandikwa na watu waliokuwa mbali na makanisa yao, mara nyingine wakiwa gerezani. Lakini waandishi hao wenyewe walijua mpaka wa barua. Mwishoni mwa barua ya pili ya Yohana, mwandishi anasema ana mengi ya kuandika, ila hataki kuyamalizia kwenye karatasi, kwa sababu anatumaini kufika na kuongea uso kwa uso. Barua ilitayarisha safari, na aliyeandika alikuwa anajulikana kwa wale waliosoma.

Historia ya ukristu katika eneo hili inasema jambo lilelile. Mapadri Weupe, waliofika Mpala kandokando ya ziwa Tanganyika mwaka wa 1885, walifuata kanuni ya mwanzilishi wao, kardinali Lavigerie: mtu mzima aliyetaka ubatizo alitakiwa kupita miaka minne ya matayarisho. Katika miaka hiyo hakuhesabiwa tu masomo aliyosikia. Katekista wa kijiji alimjua: anaishije na jirani yake, anamtendeaje mke wake, deni lake amelipa ao hapana. Kanuni hiyo ilikuwa kali, na wengine waliiona nzito mno. Lakini ilikuwa na hakika moja: hakuna aliyebatizwa bila mtu wa kumshuhudia.

Mwaka wa 1961, maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya hai za msingi, zile ambazo waamini wengi wa Kivu wanaziita kwa kifupi shirika. Makanisa ya kiprotestanti nayo yana vikundi vyao vya maombi vya nyumbani. Majina yanatofautiana, kazi ni moja. Mtu akikosa mara mbili, kuna anayepita nyumbani kuuliza. Akifiwa, kuna wanaokuja na makaa na unga. Akikosea, kuna mwenye haki ya kumwambia.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa mtoto wa Goma. Tarehe 15 mwezi wa sita 2025, Floribert Bwana Chui alitangazwa mwenye heri huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta. Aliuawa Goma mwaka wa 2007, akiwa na miaka 26, baada ya kukataa rushwa ili apitishe chakula kilichooza. Alikuwa mfanyakazi wa OCC, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa. Sherehe haikufanyika katika mji wake kwa sababu ya hali ya vita, na kwa watu wengi wa Goma picha za mbali ndizo zilizokuwa njia pekee ya kuiona. Simu ilifaa sana siku ile. Lakini kijana huyo hakujifunza mbele ya skrini kusema hapana kwa rushwa. Alikuwa ndani ya jumuiya ya Sant'Egidio, akiwahudumia watoto wa barabarani wa Goma pamoja na wenzake. Kuna watu waliomjua vizuri, na hao ndio walioweza baadaye kutoa ushuhuda juu ya maisha yake.

Mitandao inalipa nini

YouTube, Facebook na TikTok hazikutengenezwa kwa ajili ya malezi ya imani. Zinaishi kwa matangazo ya biashara, na kwa hiyo zinapandisha kile kinachomfanya mtu asiondoke: hofu, ugomvi, miujiza, siri inayofichuliwa. Mhubiri anayeeleza kwa utulivu barua kwa Waroma katika dakika 50 anashindana na mwingine anayetangaza kwa dakika moja tarehe ya mwisho wa vita. Wa pili atatazamwa zaidi. Akikosea, video inafutwa na nyingine inawekwa.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi mahali watu wanapoumia. Mama aliyepotezana na watoto wake njiani hatafuti mashindano ya tafsiri za Biblia. Anatafuta mtu wa kumwambia wako hai. Nabii wa mtandaoni anaweza kumwambia hivyo kwa dola 5, kwa M-Pesa ao Airtel Money, bila kujua hata jina la kijiji chao. Mgonjwa wa kisukari anaweza kuambiwa aache dawa kwa sababu maombi yamekwisha kumponya. Katika kanisa la mtaa, mchungaji anayetoa shauri la namna hiyo atakutana na familia ya marehemu sokoni. Yule wa kwenye skrini hatakutana nao.

Kisha kuna sauti na nyuso za bandia. Mwezi wa tano 2025, siku chache baada ya kuchaguliwa kwa papa Leo wa 14, video ndefu ilizunguka Afrika ikimwonyesha akitoa ujumbe kwa kapteni Ibrahim Traoré wa Burkina Faso. Watu wengi waliipokea kwa furaha na kuisambaza. Vatikani ilisema wazi kwamba ni ya uongo: ilikuwa imetengenezwa kwa akili bandia. Ikiwa uso wa papa, unaojulikana na dunia nzima, unaweza kuchezewa hivyo, sauti ya askofu wa jimbo ao ya msimamizi wa jumuiya ya kiprotestanti haina kinga yoyote. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili, unaoomba mchango wa haraka kwa wakimbizi, unaweza kufanana kabisa na wa mtu mwenyewe.

Kampuni zenyewe zimeweka breki chache. Tangu mwezi wa nne 2020, WhatsApp inazuia ujumbe uliosambazwa mara nyingi usitumwe kwa zaidi ya mazungumzo mamoja kwa mara moja, na inauwekea alama ya mishale miwili. Wengi wanaiona alama hiyo bila kujua maana yake: huyu aliyekutumia si yeye aliyeutunga, na huenda hata yeye hajui umetoka wapi.

Sheria inafika wapi

Nchini Kongo, makanisa yanafanya kazi chini ya sheria namba 004 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001, inayohusu mashirika yasiyo ya faida. Inadai sheria za ndani, viongozi wanaojulikana, na ruhusa ya serikali. Ilitungwa kwa ajili ya kanisa lenye kiwanja na ofisi. Mhubiri anayefundisha kutoka chumba chake, katika nchi nyingine, hana sababu ya kuandikishwa popote Kongo, ingawa wafuasi wake na pesa zao viko hapa. Kodi ya dijitali ya Kongo, ndiyo sheria kuu ya mambo ya mtandao iliyotiwa sahihi tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inagusa makosa mengi ya mtandaoni. Lakini sheria inahitaji polisi na mahakama za kuitekeleza, na katika sehemu kubwa ya Kivu zote mbili mamlaka ya Kinshasa hayafiki leo.

Majirani wamejaribu njia nyingine. Rwanda ilifunga mamia ya makanisa mjini Kigali mwaka wa 2018, na sheria ya mwaka huohuo ikadai viongozi wa makanisa wawe na diploma ya teolojia. Mwaka wa 2024 maelfu mengine yalifungwa nchini humo. Wanaounga mkono wanasema hatua hiyo inawalinda watu dhidi ya majengo mabovu na wahubiri wasiosoma. Wanaopinga wanaona serikali ikiingia mahali pasipo pake. Upande wowote mtu atakaochagua, jambo moja ni wazi: kufuli linafunga mlango wa jengo, halifungi simu.

Kenya iliona hilo kwa namna ya kutisha. Mhubiri Paul Mackenzie alisema amefunga kanisa lake mwaka wa 2019, lakini video za mahubiri yake zilibaki YouTube. Mwezi wa nne 2023, polisi walianza kufukua miili katika msitu wa Shakahola, karibu na Malindi. Zaidi ya miili 400 ilitolewa. Waendesha mashitaka wanasema waamini walifundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mackenzie ameyakana mashitaka. Sehemu ya mafundisho hayo ilitolewa kwa Kiswahili, lugha inayosikika vizuri Uvira na Bunia. Hakuna mpaka unaoyazuia yasiingie.

Wale ambao mtandao hauwafikii

Kuna na upande ambao wahubiri wa mtandaoni wanausahau: waamini wengi hawapo huko. Katika vijiji vingi vya Masisi, Shabunda ao Fizi, mtu anapanda mlima ili apate mtandao. Mega zinalipwa kwa pesa ileile inayonunua chumvi. Katika familia nyingi kuna simu moja, na mara nyingi iko mikononi mwa baba. Parokia inayohamisha katekisimu yote kwenye WhatsApp inawaacha nje bibi, mama na watoto, yaani wale wanaojaza kanisa siku ya yenga.

Na mtandao wenyewe unaweza kuzimwa. Kabla ya maandamano ya wakristu ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 2017, yaliyoitwa na Kamati ya walei, serikali ilikata intaneti na ujumbe mfupi wa simu. Mwaka mmoja baadaye, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa tena kwa karibu siku 20, mpaka mwezi wa kwanza 2019. Kanisa ambalo lina namba za simu tu, bila watu wanaojuana mtaani, lingekaa kimya siku hizo zote.

Wakongomani wana mfano wa kinyume chake. Simon Kimbangu alihubiri kwa miezi michache tu katika mwaka wa 1921. Wabelgiji walimkamata, na alikaa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka kifo chake mwaka wa 1951. Wafuasi wake walihamishwa kwa nguvu na kutawanywa sehemu mbalimbali za nchi. Kwa miaka 30 hawakusikia mahubiri ya mwalimu wao, wala hawakuwa na picha yake ya kutazama kila asubuhi. Hata hivyo kanisa lilikuwapo, likakua kwa siri, na likatambuliwa mwezi wa 12 mwaka wa 1959. Lilisimama kwa sababu katika kila mahali pa uhamisho kulikuwa na watu wachache waliojuana na kulindana.

Mambo yanayoweza kufanyika sasa

Hakuna moja kati ya haya linalodai pesa nyingi. Kwanza, kila parokia na kila jumuiya inaweza kuwa na njia moja tu rasmi ya mtandaoni, yenye jina la mtu anayeijibia, na kuitangaza kwa mdomo kanisani ao kwa redio, ili mwaamini ajue ujumbe mwingine wowote si wa kanisa lake. Pili, namba ya kupokea sadaka iwe kwa jina la kanisa, isiwe ya mtu binafsi, na hesabu yake isomwe mbele ya waamini kama inavyosomwa ile ya kikapo. Ujumbe wa dharura unaoomba pesa usifuatwe kabla ya mtu kumpigia simu kiongozi mwenyewe na kusikia jibu lake.

Tatu, somo linalotumwa kwa simu lifungwe na kikundi kidogo. Watu kumi wanaweza kusikiliza ujumbe mmoja wa sauti wa dakika tano kwenye simu moja, kisha kuongea. Ujumbe wa namna hiyo hauli mega nyingi, na unaweza kupita kwa Bluetooth ao kadi ya kumbukumbu mpaka mahali pasipo na mtandao. Anayesimamia kikundi aandike majina, na akikosa mtu apige simu ao apite nyumbani. Kwa waliotawanyika Burundi na Uganda, kazi hiyo inaweza kufanywa na mwaamini mmoja anayeishi nao palepale, aliyepewa ruhusa na mchungaji wake.

Nne, vyuo vinavyofundisha wachungaji wa eneo hili, kama ULPGL huko Goma na UEA huko Bukavu, vinaweza kuweka katika masomo yao namna ya kupima video na sauti za bandia. Mchungaji wa kesho ataulizwa juu ya video mara nyingi kuliko anavyoulizwa juu ya Kiyunani.

Kwa upande wake, mwaamini anaweza kumpima mhubiri yeyote wa kwenye simu kwa maswali machache. Anaishi wapi? Yuko chini ya nani? Nikimuuliza swali, atajibu yeye mwenyewe? Alipokosea, alisema kwamba amekosea? Nikiwa mgonjwa, nani kati ya watu wake atafika kwangu? Watu wa Beroya, katika kitabu cha Matendo ya Mitume, walisifiwa kwa sababu walikagua hata maneno ya Paulo. Kukagua maneno ya nabii wa TikTok si ukosefu wa imani.

Siku barabara zitakapofunguka na watu wakarudi, parokia nyingi za Kivu na Ituri zitalazimika kuhesabu upya waamini wao. Idadi ya waliotazama video haitasaidia kitu katika kazi hiyo. Litahitajika daftari lenye majina, na mtu anayejua ni nani amezikwa Komanda, nani yuko Nakivale, na nani amekaa miezi sita bila kuulizwa hali na mtu yeyote.